Ukurasa wa Thelathini na Tatu

Inspekta alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake wote kituoni. Mtu akipotea, yeye hakuanza na majirani wala hospitali. Alianza na kitanda cha aliyepotea. Alivua viatu, akajilaza juu yake, akatazama kile ambacho mwenye kitanda hukitazama kabla ya usingizi kumchukua. Wapo waliosema ni uvivu aliouvisha sare. Yeye hakubishana nao, maana mara nyingi kitanda kilimsaidia, na mara nyingine kilimpa angalau usingizi wa robo saa.

Saa moja ya asubuhi hiyo alikuwa amejikunja kwenye kitanda cha mtoto wa miaka tisa, magoti yamemfika kidevuni. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani na nyumba ya jirani ilikuwa imefutika kabisa. Mwanga uliokuwa chumbani ulikuwa wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mwenye kitanda, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki, hakuonekana tangu jana saa kumi jioni.

Juu ya mto palikuwa na kitabu chembamba cha watoto. Inspekta alikuwa amekisoma mara mbili na sasa alikuwa akikisoma mara ya tatu, polepole, kidole kikifuata mistari.

Sebuleni, Koplo alikuwa akimbana baba wa kambo. Koplo alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, amebakiza miezi minne astaafu, na alitamani kesi zote ziishe kabla ya chai.

"Kiatu cha mtoto kimeingiaje ndani ya sanduku lako la vifaa?"

"Nilikitia mimi."

"Ulikitia wewe! Afande, umesikia? Huyu anajitia kitanzi mwenyewe."

Inspekta alitoka chumbani bila viatu, kitabu mkononi. Baba wa kambo alikuwa fundi bomba, mtu mrefu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti si chake. Mezani mbele yake palikuwa na kiatu kimoja cha shule, kimebanwa kwa koleo soli isibanduke. Inspekta alikiinua, akakinusa, akakirudisha.

"Gundi bado mbichi," alisema. "Soli iliachia lini?"

"Juzi." Fundi alitazama sakafu. "Nilikipaka gundi jana mchana, nilitaka aamke leo akikute kizima. Hanisemeshi sana, afande. Mwaka wa pili sasa. Nikasema labda kiatu kitanisemea."

Koplo alikohoa, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Kwa hiyo ametoka na malapa," alisema Inspekta. "Hakuenda mbali." Akageuka kwa mama mtu, aliyesimama mlangoni pa jikoni na kitoto kichanga begani, macho mekundu kwa kukesha. "Dada, jikoni kwako kuna kitu kimepungua tangu jana?"

"Mwanangu hayupo, na wewe unaniuliza habari za vyombo?"

"Kijiko. Mfuniko. Chumvi."

Mama alifungua mdomo ajibu kwa hasira, kisha akaufunga. Alihamisha mtoto bega la pili. "Kijiko cha dawa cha huyu mdogo sikioni," alisema taratibu. "Nimekitafuta usiku kucha. Na kopo la chumvi nililikuta wazi. Nikajua ni mimi, akili hazipo." Akaingia jikoni, wakasikia vyombo vikigongana, akatoka. "Mfuniko wa sufuria ndogo pia. Umejuaje?"

Inspekta alifungua kitabu mezani. Kiliitwa *Nchi ya Wasioitwa*. Kilisimulia habari za mtoto aliyechoka kuitwa kutwa nzima, akasikia kwamba iko nchi ambayo huko hakuna anayemwita mwenzake. Penye masharti ya safari, Chiriku alikuwa ameweka alama kwa kalamu ya rangi nyekundu, moja baada ya jingine, kama mtu anayefunga mzigo.

*Chukua kijiko, ili uweze kuula ukungu. Chukua chumvi, usije ukasahau ladha ya kwenu. Chukua mfuniko, uufunge mlango nyuma yako. Kisha ingia ndani ya mlima mweupe. Watakuita. Usiitike. Ukiitika mara moja tu, mlima utakutema.*

Na ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya mlima mpana mweupe, palikuwa na mstari mmoja: *Mtoto akalala ndani ya mlima, wala hakuitika tena.*

"Basi?" alisema Koplo. "Ndiyo imeisha hivyo? Hii wanawasomea watoto?"

"Kimechapwa kiwandani kwetu," alisema mama. Kazi yake ilikuwa kushona vitabu katika kiwanda cha chapa, mitaa mitatu kutoka hapo. "Vinavyokatwa vibaya hutugawia wafanyakazi. Nilimletea mimi mwenyewe, wiki jana. Sikukisoma. Nilisema ni cha watoto tu."

"Ni kitu gani kimemfanya atamani nchi asikoitwa?"

Kitoto kilikuwa kimemshika mama sikio na alikiacha kimshike.

"Tangu huyu azaliwe," alisema. "Chiriku, lete nepi. Chiriku, shika mtoto. Chiriku, zima jiko. Nakumbuka sasa, afande, naona jina lake lilishinda mdomoni mwangu, na sikulitaja hata mara moja kwa ajili yake mwenyewe."

Fundi alinyanyuka, akakichukua kitoto begani kwake.

"Akiitwa huitika?" aliuliza Inspekta.

"Hata usingizini! Utasikia 'Abee!' macho yamefumba. Nilimfundisha mwenyewe. Ndiyo maana nasema ameibwa. Tumemwita shuleni, tumemwita sokoni. Kiwandani pia, kwa sababu hunisubiri huko akitoka shule. Mlinzi kazunguka kila chumba, mpaka stoo, akiita. Kimya. Angekuwa hai angeitika."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: *Kiwandani ameitwa, hakuitika, hayupo.* Baadaye siku hiyo aliutazama mstari huo na kuona haya. Lakini wakati huo kilichomkera kilikuwa kitu kingine. Jalada la kitabu lilikuwa na mlima uleule mweupe, na chini ya mlima alikaa mwanamke, mikono ameiweka magotini. Inspekta alikuwa amezisoma kurasa zote thelathini na mbili mara tatu. Mwanamke huyo hakuwemo.

*

Kiwandani mashine zilikuwa zimeanza kazi na sakafu nzima ilitetemeka. Mpiga chapa mkuu, ambaye watu wote walimwita Bwana Vipimo, alikuwa na vipande vyembamba vya karatasi kwenye nywele, mabegani, hata ndani ya mfuko wa shati, kama mtu aliyepasukiwa na mto wa pamba. Juu ya vichwa vyao lilipita bomba pana la bati lililovuta vipande kutoka mashine ya kukatia kingo na kuvipeleka nyuma ya jengo kwa mvumo usiokatika. Humo ndani kila kitu kilielea. Hata maneno ya watu yalifika yamechelewa.

Inspekta alimwonyesha jalada. "Mwanamke huyu amekwenda wapi?"

Bwana Vipimo alivaa miwani. "Amebaki kwenye jalada."

"Hadithini, nauliza."

"Afande, mimi hupima kurasa. Sisomi." Alisema kwa fahari kidogo. Akachukua karatasi kubwa kutoka kwenye rundo, akaikunja mara moja, mbili, tatu, mikono ikienda yenyewe. "Tazama. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita. Karatasi mbili, thelathini na mbili. Hakuna mashine duniani inayokunja thelathini na tatu."

"Ilikuwa thelathini na tatu?"

"Toleo la zamani lilikuwa na herufi kubwa na nafasi tele. Tulipolibana safari hii, likabaki ukurasa mmoja unaning'inia. Mmoja! Utaweka karatasi nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja, kumi na tano zikae tupu? Watu watacheka."

"Mkaukata."

"Hatukati ovyo. Tulimpigia simu mwenye hadithi yake, yule bibi. Nikamsomea namba ya ukurasa. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema, 'Uondoeni.' Nikamuuliza mara mbili."

"Na wewe hukuusoma, hata huo mmoja unaoukata?"

Bwana Vipimo aliikunjua ile karatasi na kuilaza upya. "Naomba uniwie radhi, afande, nina haraka. Gari la karatasi chakavu linakuja saa sita, na mashine ya kufunga marobota bado haijapakwa mafuta."

Mlangoni Inspekta alisimama kwa mlinzi. Alikuwa mtu nadhifu, kola imepigwa pasi.

"Jana ulimtafuta vipi?"

"Vizuri sana. Mara tatu kila mlango. Nina sauti mimi. Nilisimama hivi, nikaita, nikahesabu mpaka kumi, nikafunga."

"Uliingia ndani?"

"Kuingia kufanya nini, afande? Angekuwemo asingeitika?"

Inspekta alitikisa kichwa kumkubalia. Ilisikika kuwa na maana kabisa.

*

Mwandishi wa hadithi ile aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mwisho wa barabara ya juu, ambako ukungu ulikuwa mzito zaidi. Watoto wa shule walimwita Bibi wa Hadithi. Alimkaribisha Inspekta bila kuuliza anataka nini, kama mtu aliyekuwa amemtegemea siku nyingi. Chumba kilinukia penseli zilizochongwa. Kwenye kiti pekee kilichobaki palikuwa na sweta dogo la mtoto, limekunjwa vizuri, na viwiko vyake vimetiwa viraka. Inspekta aliamua kusimama.

"Kuna mtoto amepotea, Bibi. Ana kijiko, chumvi na mfuniko."

Bibi alishika ukingo wa meza. "Ana miaka mingapi?"

"Tisa. Ukurasa wa thelathini na tatu ulisema nini?"

"Ulisema uongo."

"Nauhitaji hata hivyo."

"Keti basi, mwanangu." Bibi alilichukua sweta mwenyewe, akalipakata. "Nilikuwa na binti. Alikuwa na miaka saba. Aliugua, na siku tatu za mwisho alilala tu. Nilimwita siku tatu hizo. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa majina ya utani, nikamgombeza. Hakuitika. Baadaye nikaandika kwamba amekwenda mahali ambapo hakuna anayeitwa, na kwamba yeye ndiye aliyechagua kutoitika. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Inaishia ukurasa wa thelathini na mbili."

"Na ule mwingine?"

"Mchapishaji wa kwanza alikataa. Alisema watoto hawawezi kulala na kitu kama hicho. Nikakaa chini usiku mmoja, kwa hasira, nikauandika ukurasa huo, nikamrudisha yule mtoto nyumbani. Miaka yote nikawa nauona ukurasa huo kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi. Huyo bwana wa kiwandani aliponipigia, nikasema uondolewe. Wangu hakurudi."

Inspekta alikasirika, na hakuificha hasira yake. "Bibi, umeandika njia ya kwenda, kisha ukafuta njia ya kurudi. Watoto wangapi wamekisoma?"

"Niliandika kwa ajili yangu," alisema Bibi, sauti imefifia. "Sikujua wao husoma ili waende."

Ili asiseme neno ambalo angelijutia, Inspekta alifungua kitabu kwenye ile picha ya mwisho na kuiangalia kwa mara ya nne. Mlima ulikuwa mweupe, mwororo, umechorwa kwa mistari elfu moja myembamba. Pembeni, nusu umefichwa na ukungu wa mchoraji, palikuwa na kitu cha mraba chenye nondo tatu. Juu kabisa, kama shingo ya ndege aliyeinama, ulishuka mkunjo wa bomba.

"Mlima gani huu una dirisha?"

Bibi alicheka kidogo, bila kutaka. "Ah, mchoraji yule, Mungu amrehemu! Alikuwa hawezi kuchora asichokiona. Ukimwambia chora simba, anataka apelekwe kwa simba. Nilipomwambia mlima mweupe ambao mtoto anaweza kuingia ndani yake akalala, alihangaika wiki nzima. Halafu akarudi na huo. Aliukuta kiwandani, stoo ya nyuma, pale wanapomwaga vile vipande vya…"

Hakumaliza. Inspekta alikuwa amekwisha simama. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Alipiga simu kiwandani. Iliita na kuita ndani ya kelele za mashine na hakuna aliyeisikia. Akampigia Koplo. "Acha kila kitu. Nenda kiwandani, zima mashine ya kukatia kingo, na hilo gari lisipakie hata kipande kimoja. Mchukue mama yake. Asiite! Umenielewa? Mtu yeyote asimwite."

"Afande, tunamtafuta mtoto bila kumwita?"

"Ndiyo." Akakata, akamgeukia Bibi. "Huo ukurasa, unao?"

"Niliuchana." Bibi alikuwa akivaa viatu. "Lakini nausema kwa moyo. Neno kwa neno, nauchukia kiasi hicho."

*

Walipofika, kiwanda kilikuwa kimya. Gari la karatasi chakavu lilisimama uani na taa zake zikiwaka ndani ya ukungu, na mbele yake, mikono kiunoni, magoti yamepinda kwa maumivu, alisimama Koplo. Dereva alikuwa akimbembeleza kama mtu anayembembeleza ng'ombe barabarani.

Stoo ya nyuma ilikuwa ndefu kuliko Inspekta alivyotegemea. Dirisha la nondo tatu lilikuwa palepale lilipochorwa. Bomba lilikuwa limeinama palepale. Na lundo lilijaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta na kufika karibu na paa, jeupe kabisa. Mwanga wa ukungu uliopita dirishani ulilifanya lionekane linapumua. Tangu asubuhi mashine ilikuwa imelimwagia vipande vipya. Jana jioni mlima ulikuwa mfupi kuliko huo.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa ameokota kitu. Mfuniko wa sufuria ndogo ulikuwa umesimamishwa wima kwenye karatasi, umesukumwa ukakaza, kama mlango unavyofungwa na mtu mwangalifu.

Alivuta pumzi apige kelele. Inspekta alimwahi, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Ukimwita atazidi kuingia ndani," alimnong'oneza. "Anatii kitabu. Tangu jana anatii. Mlinzi alimwita mara tatu hapa mlangoni na yeye alikuwa humu, amejikaza asiitike."

Mlinzi aliyekuwa nyuma yao alitoa kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Tuchimbe basi!" alisema fundi bomba, kitoto kikiwa begani kwake na kile kiatu kimechomoza mfukoni. "Nipeni sepetu!"

"Huwezi." Bwana Vipimo alikuwa mweupe kama bidhaa yake. "Ukilichokoa lundo chini linashuka lote. Mwaka juzi lilimfunika kibarua mpaka shingoni, naye alikuwa amesimama. Lazima tujue alipo, tuweke mbao, tumtoe kwa juu. Tukikosea mahali, tunamkanyaga."

"Hatujui kama bado…" alianza Koplo, kisha akameza maneno yake.

Inspekta alimshika Bibi wa Hadithi mkono, akamleta mbele. Yule mama na yule mwandishi walitazamana. Hakuna aliyewatambulisha.

"Sema," alisema Inspekta.

Bibi aliutazama mlima. Alipoanza, sauti ilikuwa ya kusimulia, ile ambayo watoto wote huijua hata kama hawajawahi kumsikia msemaji. "*Nchi ya Wasioitwa haikuishia pale,*" alisema. "*Mtoto alikuwa bado amelala mlimani, akaja mtu aliyempenda. Hakuita, kwa kuwa alikuwa ameita mno. Alikaa chini ya mlima, akaweka mikono magotini, akasema…*" Akakwama. "*Akasema: Nilikuita kila nilipotaka kitu. Leo sitaki kitu. Leo niite wewe.*"

Mama alikuwa amekwisha kaa chini. Aliweka mikono magotini, kama yule wa kwenye jalada, na machozi yalimtiririka bila kuyafuta.

"Mimi ni mama yako," aliliambia lundo. "Niko hapa chini. Nepi zimefuliwa. Jiko limezimwa. Mdogo wako amebebwa na baba, hajalia hata kidogo. Sikutumi popote leo, mwanangu, na wala sikuiti. Leo niite wewe. Niite kwa lolote, hata kama hutaki kitu, niite tu nisikie."

Kipande kimoja cha karatasi kilianguka kutoka kwenye mdomo wa bomba, kikazunguka hewani, kikachukua muda wake wote kufika chini. Nje dereva alizima injini. Inspekta alifumba macho na kugeuza sikio, maana hii ndiyo ilikuwa kazi yake na asingepata nafasi ya pili.

Sauti ilitoka ndani kabisa, ndogo, imejaa usingizi.

"Mama?"

"Abee!"

Walioitika walikuwa wawili. Mama alinyanyuka na kuanguka na kunyanyuka tena. Bibi wa Hadithi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, amebaki ameganda, kama mtu aliyejibu simu ya jirani.

"Kushoto," alisema Inspekta, macho bado amefumba. "Chini ya bomba. Kama hatua mbili kutoka ukutani, kina cha mtu mzima. Mbao! Na mama, endelea kuitwa."

Walifanya kazi kwa mikono mitupu, wamelala juu ya mbao, fundi bomba mbele ya wote, kitoto amemwachia Koplo. Kila mara sauti ilipoita mama aliitika, na kila mara ilikuwa karibu zaidi. Wa kwanza kutokea ulikuwa mkono ulioshika kijiko. Kisha kichwa, nywele zote nyeupe kwa vipande, midomo imekauka, chumvi imeshikana kwenye kona za mdomo. Chiriku alikuwa hai, na alikuwa amekasirika kwa sababu macho yalimwuma.

"Nilisikia mnaniita jana," alimwambia mama yake, akiwa kifuani pake. "Sikuitika. Halafu nilitaka kutoka, lakini hakuna aliyeita tena, na kitabu hakikusema unatokaje. Nyumbani nilikuwa nimetafuta mpaka nyuma yake. Hapakuwa na kitu."

Bwana Vipimo alikichukua kitabu kutoka mkononi mwa Inspekta. Aligeuza mpaka mwisho, akalitazama jalada la nyuma kwa ndani. Lilikuwa jeupe, halina hata nukta. Alilipima kwa vidole, kwa mazoea, urefu na upana.

"Nafasi ilikuwepo," alisema. "Hapa hapa. Ilikuwepo siku zote." Akamgeukia Bibi. "Utaniandikia ule ukurasa? Safari hii nitausoma kwanza. Vitabu vyote vilivyofungashwa havitoki mpaka nimevichapa upya."

Bibi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, chini ya dirisha, akitafuta njia ya kuondoka bila kuonekana. Lakini Chiriku alikuwa amekwisha kunywa maji, na Chiriku akinywa maji lazima aseme.

"Nani yule mwingine aliyeitika?"

Fundi, aliyekuwa amechuchumaa akimvisha kiatu, alisita.

"Ni mimi," alisema Bibi. "Nisamehe. Ilinitoka tu. Ni siku nyingi sijaitwa."

Chiriku alimtazama yule bibi, na sweta dogo ambalo bibi alikuwa bado amelikumbatia bila kujua kwamba alitoka nalo nyumbani. Alifikiri kidogo.

"Nikuite tena?"

Bibi alitikisa kichwa kukataa. Kisha akakitikisa kukubali.

"Mama," aliita Chiriku.

"Abee," alisema Bibi wa Hadithi, na safari hii hakujiziba mdomo.